Kaptura ya Baba Mkwe

Kapkatet,
3 Juni 1996

Kwa Mwalimu Seth Obonyo,

Salamu katika jina la Bwana. Huku hatujambo. Mvua ni nyingi, majani chai yanachipuka mpaka wachumaji hawatoshi, na ng'ombe mmoja amezaa.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Wazee wenu walipokuja hapa mwezi wa Aprili kumposa Winny, mimi na wewe tulizungumza juu ya mvua tu, na hivyo ndivyo inavyofaa kati ya mtu na mkwe wake. Lakini siku ile nilikuona ukiinama kuiangalia baiskeli yangu pale ukutani. Uliizungusha pedali, ukasema mnyororo una kiu. Winny naye ameniambia kwamba kila Jumamosi unashindana na walimu wenzako mpaka Luanda na kurudi. Kwa hiyo nakuuliza kama mtu anayejua.

Harusi yenu ni tarehe ishirini na nne Agosti, huko Kisumu. Unajua, na Kapkatet nzima inajua, kwamba tangu basi lilipopinduka na mama yake Winny ndani, mimi sijapanda gari. Si kiburi. Winny alipomaliza masomo ya uuguzi nilimwahidi kwamba nitafika. Nilivaa suti, nikasimama stejini tangu alfajiri, magari yakaja yakaenda, na miguu ikakataa kupanda. Baadaye niliambiwa kwamba alikuwa akinitafuta kwa macho kwenye viti vya wazazi. Sitaki anitafute mara ya pili.

Nimeamua kuja kwa baiskeli.

Wiki jana nilijaribu kwenda Kericho na kurudi. Mapafu ni mazima, magoti ni mazima. Mahali palipokataa ni pale pa kukalia. Nisamehe kwa kupataja. Jumapili nilisimama ibada nzima, hata mahubiri, na akina mama wakadhani nimeshukiwa na Roho. Ngozi imechubuka kiasi kwamba kigoda cha kukamulia nakitazama kama adui.

Niambie wewe huwa unafanyaje. Na usimwambie Winny. Nikishindwa, ni heri asijue kwamba nilijaribu.

Ni mimi,
Alexander arap Sigilai

* * *

Kisumu,
12 Juni 1996

Mzee wangu mheshimiwa,

Kongoi, asante sana, kwa barua yako. Niliisoma nikiwa nimesimama nyuma ya darasa, wanafunzi wakifanya hesabu, na ikabidi nitoke nje kidogo.

Mama yangu akijua ninayoandika hapa atanikana. Kwetu mkwe humtajii hata maumivu ya mgongo. Kwa hiyo, kwa heshima yako, naomba tufanye hivi: katika barua hizi mimi ni fundi na wewe ni mteja. Tukionana harusini tutazungumza juu ya mvua.

Tuanze na kiti cha baiskeli. Kiinue mpaka mguu ukifika chini kabisa goti libaki limekunjwa kidogo tu. Kikiwa chini sana, uzito wote unakaa mahali pamoja. Ncha yake ya mbele isiangalie juu.

Kisha nguo. Nadhani ulienda na suruali ya kitambaa na chupi ndani. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, Mzee. Mishono inakutana katikati, jasho linaingia, na kila unapokanyaga pedali ni kama unajisugua na kamba. Sisi tunaokwenda mbali huvaa kaptura ya kazi hiyo. Ni nyeusi, ya kitambaa kinachonyumbuka, inabana paja na inafika karibu na goti. Ndani, pale mwili unapokutana na kiti, imeshonewa pedi. Haivaliwi na kitu kingine ndani yake. Nimesema, fundi ndiye anayesema. Hakuna kitu kingine ndani.

Nipimie kiuno, nyonga na paja, nitakutafutia. Siri yako naitunza, ingawa Winny ana macho makali.

Wako mtiifu,
Seth

* * *

Kapkatet,
24 Juni 1996

Mwalimu,

Barua yako niliificha ndani ya kitabu cha nyimbo.

Uliyoielezea hiyo ni baika. Wasichana wa Kericho wanazivaa, na mchungaji wetu amezikemea mimbarani mara mbili. Mimi ni mzee wa kanisa. Nikasema hapana, nitatafuta njia ya mtu mzima. Nikakata kipande cha godoro kuukuu, sifongo nene kama mkate, nikampelekea Mellen, yule mshonaji wa hapa sokoni. Nikamwambia ashonee ndani ya suruali yangu ya kaki, upande wa nyuma. Akaniuliza, "Mzee, una ugonjwa wa kukaa?" Nikamwambia ashone tu.

Kilomita za kwanza nilikaa kama chifu. Nilipofika Litein mvua ikanyesha. Mwalimu, ile sifongo ilikunywa maji yote ya Bureti. Kila nikikanyaga pedali yananichuruzika miguuni mpaka kwenye viatu, na ikajikunja ikawa fundo moja kubwa katikati. Nilirudi nikisukuma baiskeli. Dada yangu Phelis, ambaye ndiye anayenipikia tangu niachwe peke yangu, aliniona nikiingia langoni nikitembea kama bata, akaweka sufuria chini akacheka mpaka akakaa. Sasa anasema nina bawasiri, na ameshawaambia watu wawili.

Basi umeshinda. Nichagulie kama ambavyo ungemchagulia baba yako mzazi. Futi ya kupimia sina, Phelis ameificha sijui wapi. Nimepima kwa kamba ya ndama na ninaituma ndani ya bahasha. Fundo la kwanza ni paja, la pili ni kiuno, mwisho wa kamba ni nyonga.

Na mimi nikufundishe kitu. Yale mafuta ya kupaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua, nimejipaka pale palipochubuka. Kwa siku tatu pamepona. Waambie walimu wenzako.

Sijarudi nyuma hata hatua moja kuhusu safari.

A. arap Sigilai

* * *

Kisumu,
6 Julai 1996

Mzee wangu,

Kamba ilifika. Nilimpa mke wa mwalimu mkuu aisome kwa futi yake, nikamwambia ni ya kupima pazia.

Nilizunguka dukani na kwenye mitumba ya Kibuye mpaka nikapata tatu za kipimo chako. Nataka ujue nilivyochagua, usije ukadhani nilichukua ya kwanza.

Moja ilikuwa mpya, ya dukani, na pedi yake ni nene na laini mno. Kila mtu akiigusa kwa mkono anaipenda. Mimi niliibonyeza kwa kidole gumba kikazama mpaka chini. Hiyo ni sifongo yako ya godoro tu, imevaa nguo nzuri. Mwanzo inabembeleza, baadaye inalala bapa na mfupa unakutana na kiti. Nikaiacha.

Ya pili ilikuwa ya mtumba kutoka Ulaya, pedi yake ni ngozi laini ya mnyama. Wazee wa mchezo huu wanaisifu. Lakini ngozi ikilowa inakauka na kuwa ngumu kama gome, na wewe unakaa kwenye mvua. Nikaiacha kwa shingo upande.

Ya tatu ndiyo hii. Usiidharau kwa kuwa pedi yake ni nyembamba. Bonyeza kwa kidole uone inavyorudi. Pitisha mkono ndani: hakuna mshono unaopita katikati, yote imepelekwa pembeni. Itakubana ukivaa, na inapaswa kukubana. Ikicheza mwilini, itakuchubua. Na kuhusu mchungaji, vaa suruali yako pana juu yake. Hakuna atakayejua isipokuwa wewe na kiti.

Yale mafuta ya ng'ombe nimeyajaribu Jumamosi. Mzee, tulikuwa wapi siku zote?

Jambo moja linanisumbua. Winny anaona kwamba ninaficha kitu.

Seth

* * *

Kisumu,
19 Julai 1996

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na shangazi yangu, Senge Phelis, mko salama. Alinipigia simu kutoka posta, akasema hutaki kwenda hospitali na unatembea vibaya. Tafadhali nenda. Mimi ni nurse, sioni aibu kwa ugonjwa wowote.

Baba, sina mama wa kumwambia haya, kwa hiyo nakuambia wewe. Sijui kama harusi itakuwepo.

Seth anapokea barua. Akiniona anazisukuma chini ya madaftari ya wanafunzi. Maxine, tunayefanya naye zamu, alimwona Kibuye akichagua nguo ya kubana kama ya wasichana, anaigeuzageuza, anapitisha mkono ndani, mpaka mwenye kibanda akamcheka. Nilimuuliza ni ya nani. Nikamuuliza barua ni za nani. Akasema, "Nimeapa sitasema. Ngoja mpaka Agosti." Baba, mwanamume anamwapia nani, kama si mwanamke mwingine? Nimemwambia kwamba nisipopata jibu kufikia mwisho wa mwezi, kadi za mwaliko hazitatoka.

Kama harusi itakuwepo, Uncle Weldon amekubali kuniingiza kanisani. Sikulaumu, najua gari limekushinda. Ila watu wanasema pia kwamba hutakuja kwa sababu Seth ni Mjaluo, na kwamba hujasahau mwaka ule wa vurugu kati ya watu wetu na Wajaluo, ambapo baba yake alilazimika kuhama kutoka kiwanda cha chai. Kama ni kweli, niambie wewe mwenyewe.

Binti yako,
Winny

* * *

Kapkatet,
25 Julai 1996

Winny mwanangu,

Huyo mwanamke anayemwandikia Seth ni mimi.

Soma tena kama hukuelewa. Barua zilizo chini ya madaftari ni zangu, na nguo aliyoinunua Kibuye nimeivaa sasa hivi ninapokuandikia. Ni kaptura ya kuendeshea baiskeli. Sina bawasiri. Ninakuja Kisumu kwa baiskeli kukuingiza kanisani, na yeye amekuwa akinisaidia nisife kwa vidonda kabla sijafika.

Nilimwapisha kwa sababu niliogopa kukuahidi kitu halafu miguu inikatae tena. Sikufikiri kwamba siri yangu ingemwangukia yeye. Kijana amekubali kupoteza harusi yake kuliko kuvunja neno alilompa baba yako. Usipomtaka huyo, sijui unamtafuta nani.

Kuhusu Mjaluo. Wazazi wake walipohama, mimi na mama yako ndio tuliowachungia mbuzi wao mpaka walipopata mahali. Muulize mama yake. Hao watu wanaosema, waambie waje kwangu waseme.

Hiyo nguo ni ajabu. Siku ya kwanza niliivaa nikajisikia kama mtu aliyeazima ngozi ya mwingine. Nilikwenda nayo mpaka Kabianga, nikarudi, na jioni nikakaa kwenye kigoda nikakamua ng'ombe wote. Phelis aliiona kwenye kamba ya nguo akauliza msichana wa nani amelala hapa. Ikabidi nimweleze. Wiki ijayo nakwenda Boito na kurudi, halafu nitapumzika.

Toa kadi.

Baba yako,
Alexander

* * *

Kisumu,
2 Agosti 1996

Baba,

Niliisoma barua yako wodini, nikacheka mpaka mgonjwa akaamka. Halafu nililia. Jioni nilikwenda kwa Seth nikamkuta anasahihisha insha. Nikamwambia, "Nimempata huyo mwanamke wako. Ana ndevu." Kalamu ilimponyoka. Kadi zimetoka.

Sasa nisikilize. Usije kwa baiskeli.

Sisemi hivyo kwa sababu sitaki uje. Nafanya kazi mahali wanapoletwa watu walioumia barabarani. Malori ya sukari hayamwoni mtu wa baiskeli. Baiskeli yako ina breki za vyuma, na kutoka Kapsoit barabara inateremka bila huruma. Na unajua ni kona gani iko pale katikati. Utapita mahali pale pale alipokufa Mama. Nimeshampoteza mmoja kwenye kona hiyo, Baba. Sitavaa gauni jeupe nikingoja kuambiwa habari ya wa pili.

Kaa nyumbani. Nitakuja na Seth baada ya harusi, utubariki hapo hapo kwenye shamba la chai. Nitaridhika. Nakuapia nitaridhika.

Winny

* * *

Kapkatet,
8 Agosti 1996

Winny,

Hutaridhika. Wala mimi.

Breki nimebadilisha, nimefunga za mpira. Nimeshona kitambaa chekundu mgongoni mwa koti. Nitalala Kericho kwa Mzee Kiptanui wa kanisani, ili mteremko niupate asubuhi kabla malori hayajawa mengi. Mahali pakiwa pabaya nitashuka nisukume. Mimi si kijana wa kushindana, nina siku mbili nzima.

Kona ile naijua. Kwa miaka mitatu imenifungia nyumbani. Nimekosa kuhitimu kwako, nimekosa mazishi ya rafiki zangu, nimekuwa mtu wa kutumiwa salamu. Nimechoka nayo.

Mwambie Weldon akae kwenye kiti chake.

Baba yako

* * *

Kisumu,
13 Agosti 1996

Mzee wangu,

Winny amenipa barua yako nisome, akaenda kupika. Nimeelewa kwamba amekubali.

Usivae suruali ya pamba juu ya kaptura ikiwa mvua inanyesha, inabeba maji. Vaa nyepesi inayokauka haraka. Kila unapopumzika, simama, usikae. Paka mafuta asubuhi zote mbili. Usiifue kaptura usiku ule wa Kericho, haitakauka kwa baridi ya huko, na nguo mbichi ni mbaya kuliko nguo chafu.

Nami sitakungoja Kisumu. Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, nitapandisha kwa baiskeli yangu, nilale Kapsoit kwa mwalimu mmoja. Ijumaa asubuhi utanikuta kando ya barabara. Kuteremka tutateremka wawili, mimi mbele. Winny hajanituma. Nimejituma.

Seth

* * *

Kisumu,
5 Septemba 1996

Mpendwa Baba,

Tumepata habari kwa Senge kwamba ulifika nyumbani salama. Asante Mungu.

Nimejaribu kuandika barua hii mara nyingi. Ile Ijumaa nilikuwa nasukwa nywele, nusu ya kichwa iko wazi, nikasikia watoto wa jirani wanapiga kelele. Nikatoka na kitana kikiwa kimesimama kichwani. Seth alikuwa mbele, wewe nyuma yake, matope mpaka kwenye nyusi. Nilidhani utaomba maji. Ulishuka, ukaegemeza baiskeli ukutani, ukauliza, "Mvua imenyesha huku?" Na Seth akajibu, "Kidogo tu, Mzee." Mimi ndiye niliyepiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Kanisani sikutafuta mtu kwenye viti. Ulikuwa upande wangu wa kulia, unanuka mafuta ya ng'ombe, na nilipita katikati ya watu wote wale nikiwa na baba. Mama Seth anasema hajawahi kuona mzee aliyetoka safari kama ile akakaa kwenye benchi la mbao kwa masaa yote ya hotuba bila kusogea. Anauliza siri ni nini. Seth ameniomba nisimwambie, anasema bado anamwogopa mama yake.

Baba, kuna jambo. Seth ananiambia kwamba kwenye ile kona hukusimama, na hukusema neno mpaka Awasi. Hakukuuliza, kwa sababu yeye ni mkwe. Mimi ni mtoto wako, nakuuliza. Ulionaje?

Wako,
Winny

* * *

Kapkatet,
14 Septemba 1996

Winny na Seth, wanangu,

Kongoi kwa barua. Majani yamepungua kidogo, tunapata nafasi ya kupogoa.

Winny, wakati wa kuteremka sikuona kitu. Macho niliyaweka kwenye gurudumu la nyuma la Seth, nikajiambia, fuata hilo, usitazame lingine. Nilipoinua kichwa tulikuwa tumeshapita. Nilijua kwamba nikishuka pale sitapanda tena, na wewe ulikuwa unangoja.

Lakini kurudi ni kupanda. Seth alinisindikiza mpaka Kipsitet, nikamwambia arudi kwa mke wake. Alikataa, nikamwambia ni amri, akacheka, akageuza. Kwenye mlima huwezi kukimbia kona. Inakuja polepole, unaiona tangu mbali, na nguo hata iwe nzuri vipi haikusaidii hapo. Nilipofika nilishuka.

Nilidhani nitakuta alama. Hakuna. Nyasi zimeota, na mama mmoja alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai pembeni mwa lami, anayageuza kwa mguu. Aliniangalia, akaniuliza kama baiskeli imeharibika. Nikamwambia hapana, mke wangu alifia hapa. Sijawahi kulisema neno hilo kwa mtu nisiyemjua. Hakusema pole nyingi. Alisogeza turubai yake, akanipa nafasi ya kukaa.

Nikakaa. Nikamsimulia mama yako habari za harusi kwa sauti, yule mama akisikiliza na mahindi yake. Nilimwambia gauni lilikuwa na mikono mirefu, kwamba Weldon aliimba vibaya, kwamba wakwe zetu walicheza mpaka vumbi likaingia kwenye soda. Nikamwambia una mume anayetunza neno. Basi kubwa likapita likiteremka, upepo wake ukarusha maganda ya mahindi mpaka kwenye kofia yangu. Nililiangalia mpaka likapotea. Sikufumba macho.

Kisha nikapanda baiskeli. Mpaka Kericho nilikuwa naimba, na Mzee Kiptanui aliponifungulia mlango alidhani nimelewa.

Phelis anasema nimekonda, lakini amenishonea koti jipya la mvua. Disemba nikimaliza mahindi nitakuja tena, nikae wiki nzima. Msitume gari.

Baba yenu,
Alexander arap Sigilai